Masizi Kwenye Kitambaa cha Mama Mkubwa

Watu wanaopita pwani ya Queensland, Australia, na mkoba mgongoni kwa kawaida wana miaka ishirini, nywele zilizokauka kwa chumvi, na magoti yasiyotoa sauti. Corrado Hickey alikuwa na miaka thelathini na tisa, na magoti yake yalilia kama bawaba kila alipoinama kufunga viatu. Alikuwa ameacha kazi ya kuuza mazulia huko Geelong, kusini kwenye baridi, akawaaga wenzake dukani akisema anakwenda kuiona nchi yake angali kijana. Wenzake walitazama upara wake, wakamtakia safari njema.

Fedha alikuwa nazo haba. Alichokuwa nacho kwa wingi ni ndugu. Mama yake alizaliwa huku kaskazini kwenye miwa, kabla hajaolewa na Hickey mmoja na kuhamia kusini, na ndiye aliyemwandikia majina nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: binamu wa Gympie, mjomba wa Rockhampton, binamu mwingine wa Mackay, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, dada yake Assunta wa Home Hill. Corrado aliisoma bahasha ile kama wengine wanavyosoma orodha ya hoteli. Akajiapia kwamba kutoka Brisbane mpaka Cairns hatalipia kitanda hata kimoja.

Na kweli alikuwa hajalipa. Gympie alilala kwenye kochi pamoja na mbwa, na mbwa ndiye aliyekuwa mwenyeji. Rockhampton mjomba alimwambia asubuhi, kwa upole mwingi, kwamba madhali yupo, basi apande ngazi asafishe mifereji ya paa. Akasafisha mifereji ya nyumba tatu, kwa sababu mjomba alikuwa na majirani. Mackay alilea mapacha siku nne. Ndani ya basi wasichana wawili wa Kijerumani walimwuliza anawezaje kusafiri kwa bei rahisi hivyo, naye akawaeleza kwa madaha, amekaa upande upande, maana kiuno kilikuwa hakijapona mapacha.

Ndivyo alivyofika Home Hill mwezi wa sita, mavuno yameanza, treni ndogo za miwa zikipita zikilia kama watoto wa ng'ombe. Nyumba ya Mama Mkubwa Assunta ilikuwa ya mbao, juu ya nguzo, ya mwisho barabarani. Ng'ambo ya barabara miwa ilisimama kama ukuta.

Mama Mkubwa alimtazama kupitia mlango wa wavu wa mbu. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane, mdogo wa umbo, amenyooka kama sindano.

"Wewe ndiye mtoto wa Luciana?"

"Ndiye mimi, Mama Mkubwa."

"Mbona mzee?"

"Safari ndefu, Mama Mkubwa."

"Safari haing'oi nywele. Ingia. Viatu uache huko huko. Unakula?"

"Nakula."

"Hilo tumbo limeshanijulisha."

Alipanga kukaa siku tatu. Siku ya kumi ilimkuta bado yupo, akila ugali wa mahindi wa Kiitaliano kwa mchuzi wa soseji, na mapapai ya uani. Hapa hakukuwa na mifereji wala mapacha. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutunga uzi. Kila baada ya chakula Mama Mkubwa aliketi dirishani, akanyoosha sindano bila kugeuza kichwa, na Corrado akapitisha uzi mweupe tunduni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kodi yake ya kitanda. Alijiona mjanja kuliko wasafiri wote wa pwani ile.

Kilichokuwa kikidariziwa ni kitambaa cha meza, kitani cheupe kwa uzi mweupe. Kwa mbali hukuona kitu. Ukisogea, maua ya miwa yalianza kuinama upande wa upepo, mpesheni ulitambaa ukingoni, na pembeni kabisa ndege yangeyange mmoja amesimama kwa mguu mmoja, shingo ameikunja, anasubiri jembe limfukulie wadudu. Miaka sita Mama Mkubwa alikuwa juu ya kitambaa hicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, na la kulia lilikuwa njiani.

"Hiki ndicho cha mwisho," alimwambia Corrado siku aliyofunga fundo la mwisho. "Daktari amesema nishukuru kwa nilivyoona. Nimeshukuru. Sasa nataka watu waone."

Watu wangeona Ijumaa, kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, ndani ya banda la ushonaji. Lakini kila kitu kilitakiwa kiwe kimefikishwa kabla ya saa sita mchana Alhamisi, kimefuliwa, kimepigwa pasi, hakina uzi wala unywele. Mara tisa mfululizo utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza wa banda hilo, ulikwenda ng'ambo ya barabara, kwa Bi Thelma Ruddick, ambaye mwanawe ndiye mwenye miwa ile. Mama Mkubwa hakumchukia Bi Thelma. Alisema tu kwamba mkono wa Thelma ni mzuri, na kwamba angependa, kabla giza halijamfunga, watu wakitazame cha kwake kwanza.

Jumatano alasiri alikifua kwa maji baridi, akakianika uani mara jua lilipohamia mbele ya nyumba, kikaukie kivulini. Kisha akavaa viatu vya kutokea. Alikuwa na miadi kwa msusi.

"Corrado. Nisikilize kwa masikio yote mawili. Msimu huu wanachoma miwa kabla ya kukata. Anayechoma hupigia simu majirani, watu waanue nguo. Simu ikilia, pokea. Ukiambiwa wanachoma, anua. Basi."

"Mama Mkubwa, mimi si mtoto."

"Mtoto ningemwachia bila wasiwasi," alisema, akaondoka.

Saa kumi na moja na nusu simu ya mezani ililia.

"Assunta yupo?"

"Ametoka. Mimi ni mtoto wa mdogo wake."

"Ah, mtu wa kusini. Mimi Thelma, hapa mbele. Kijana wangu anachoma kipande kinachotazama nyumba yenu, saa kumi na mbili kasoro robo. Upepo unakwenda mtoni, lakini upepo si wa kuaminiwa. Nguo."

"Nguo. Nimesikia, Bi Thelma."

"Rudia."

"Mnachoma saa kumi na mbili kasoro robo. Nguo."

"Vizuri. Nguo, tena."

"Nguo, Bi Thelma."

Corrado aliweka simu akaelekea kwenye kamba, na haki yake apewe: alifika. Alikishika kitambaa. Kilikuwa bado na unyevu kidogo kwenye pindo. Na hapo ndipo akili yake, ile ile iliyomfikisha kilomita zaidi ya elfu bila kulipia kitanda, ilipoanza kufanya kazi. Kikianuliwa na unyevu kitakunjamana. Dakika kumi na tano za upepo zitamaliza. Upepo wenyewe unakwenda mtoni, Bi Thelma kasema. Na zaidi ya yote, huko Mackay alikuwa ameona tangazo la watalii kupelekwa kuona moto wa miwa kwa dola tisini, na kinywaji kimoja. Na yeye hapa moto unaletwa mpaka mlangoni, bure! Angekwenda mara moja, apige picha uwakapo, arudi mbio aanue kikiwa kikavu. Alijisifu kwa mpango huo. Alijisifu kwa sauti, kwa kweli, hapo uani, peke yake.

Akavuka barabara, akasimama ukingoni mwa shamba nyuma ya gari la maji.

Moto wa miwa hauna subira. Mtoto wa Bi Thelma alipita na kopo la mafuta linalodondosha moto kandokando, ukashika, ukavuta pumzi, halafu ukasimama wima wenye urefu wa kanisa. Sauti yake ilikuwa ya mvua kubwa juu ya bati, mvua inayonyesha kwenda juu. Mwewe walikuja wasijulikane wametoka wapi, wakazunguka ndani ya moshi wakiwinda panya waliokimbia. Uso wa Corrado uliwaka, macho yakamtoka machozi, na akasahau magoti, mazulia, upara, na miaka yote aliyouza vitu vya kukanyagwa. Alisahau hata kupiga picha.

Kisha vipande vya masizi vikaanza kushuka. Vyembamba, vyeusi, virefu kama manyoya, vikipeperuka bila haraka. Theluji ya Burdekin, kwa jina la wilaya hii, ndivyo wanavyoiita huku. Kimoja kilitua mkononi mwake.

"Uzuri ulioje," alinong'ona.

Cha pili kilitua puani. Akakifuatisha kwa macho kule kilikotoka, akaona vingine maelfu vimempita juu ya kichwa, vinakwenda zao, si mtoni. Moto mkubwa huvuta upepo wake wenyewe. Vilikuwa vinavuka barabara.

Watu wa gari la maji walisimulia baadaye kwamba hawajapata kumwona mtu mnene akikimbia vile huku akisema "nguo, nguo, nguo".

Kitambaa kilikuwa kimetulia kwenye kamba, na juu yake vipande vya masizi kama mia, vimekaa kwa wepesi wa nzi. Hapo mtoto yeyote wa Home Hill, hata wa chekechea, angejua la kufanya: asifanye kitu. Masizi ya miwa hayaguswi. Unaacha kitu kikauke, unakishika ncha mbili, unakitikisa polepole, unapuliza, nayo yanaondoka kama yalivyokuja. Corrado alikuwa wa Geelong. Alipangusa.

Alipangusa kwa kiganja. Pale penye unyevu, masizi yakayeyuka, yakawa mstari mweusi mrefu kama mkono, kutoka kwenye maua mpaka kwa yangeyange. Akaona amekosea, akakimbia jikoni akaleta sifongo ya vyombo.

Lango likalia. Mama Mkubwa Assunta aliingia uani, nywele zimetengenezwa, mfuko wa plastiki kichwani kukinga masizi. Alisimama. Alitazama kitambaa kwa jicho lake moja, halafu sifongo, halafu Corrado.

"Umepangusa."

"Nimepangusa, Mama Mkubwa."

"Kwa mkono."

"Na sifongo."

"Na sifongo," aliitikia taratibu, kama mtu kanisani.

Corrado alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mama yake alikuwa nayo ya kutosha, na huyu ndiye aliyemfundisha. Lakini Mama Mkubwa aliketi tu kwenye ngazi, mfuko bado kichwani, akaanza kupapasa pindo la kitambaa kwa ncha za vidole, akisoma uharibifu asiouona vizuri. Hilo lilimwumiza Corrado kuliko tusi lolote ambalo angelitukanwa.

Bi Thelma alikuja anavuka barabara na slipa, anahema.

"Nilimwambia! Assunta, kwa jina la Mungu, nilimwambia, nikamtaka arudie mara mbili!"

"Najua ulimwambia, Thelma."

"Neno lenyewe alilitamka. Nguo!"

"Masikio anayo. Ni hapo katikati ya masikio ndipo hakuna mtu."

"Sasa hii ni sifongo ya nini?"

"Usimwulize."

Bi Thelma aliinama juu ya kitambaa. Hakuwa amekiona kabla. Washindani wa banda lile hawaonyeshani kazi. Kidole chake kilifuata mpesheni, kikafika kwa yule ndege, kikasimama.

"Assunta," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Hii shingo umeifanyaje?"

"Kwa uvumilivu."

"Mwaka huu ungenishinda."

"Nilikuwa na nia hiyo."

"Basi inuka. Nikikushinda, nikushinde wewe. Siwezi kwenda pale kushinda masizi ya mwanangu. Una unga wa wanga? Na wewe mtu wa kusini, tupa hiyo sifongo kabla sijakulisha."

"Labda niwaachie nafasi," alisema Corrado. "Naweza kuondoka hata jioni hii."

"Kuondoka ni rahisi," alisema Mama Mkubwa. "Shika ncha hiyo. Juu. Juu zaidi. Ukiteremsha mkono nakupigia mama yako."

Akashika. Walimsimamisha sebuleni kama mti wa kuanikia, mikono hewani, na wale bibi wawili wakakitikisa, wakakipuliza, wakakinyunyizia wanga, wakangoja, wakapuliza tena. Pumzi zao zilinukia chai. Vipande vikavu viliondoka vyote. Mstari ulififia kidogo kidogo. Na muda wote huo walimsema kana kwamba hayupo.

"Kazi yake nini huyu?"

"Aliuza mazulia."

"Alikuwa akiyapangusa?"

"Ndiyo maana hauzi tena."

Asubuhi ya Alhamisi, kilipokwisha kufuliwa upya na kupigwa pasi, doa lilikuwa limebaki moja, la kijivu, urefu wa kidole, chini ya bawa la yangeyange. Corrado alitoa rai kikunjwe, doa liingie ndani. Mama Mkubwa akamjibu kwamba waamuzi hawakuzaliwa jana. Bi Thelma, aliyekuja kabla ya chai, akasema kwamba jani moja tu lingelifunika, na kwamba yeye angeweza kulidarizi kwa robo saa, na kwamba kaburini angekwenda nalo bila kumwambia mtu.

Mama Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilikuwa juu ya doa.

"Mimi siwezi kulishona," alisema. "Macho hayatoshi. Na wewe ukilishona, basi kuna jani la Thelma kwenye kitambaa cha Assunta. Jina kwenye kadi litakuwa langu. Hapana, Thelma. Asante sana. Kitakwenda hivi hivi."

"Watakikatia alama."

"Watakata."

Corrado ndiye aliyekibeba mpaka kwenye banda, amekilaza juu ya mikono miwili. Njia nzima hakukohoa.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Binamu wa Mackay alikuwa amempatia nafasi kwenye lori la rafiki yake, lipitalo Home Hill Ijumaa alfajiri moja kwa moja mpaka Cairns, bure, na kitanda cha bure mwisho wa safari. Lori lilipita likapiga honi mara mbili mbele ya nyumba. Corrado alikuwa ameamka. Alitoka na soksi mpaka barabarani, akamwambia dereva aende tu. Dereva akamwuliza kama anaumwa.

Saa nne waamuzi walimaliza, banda likafunguliwa. Utepe wa buluu ulikuwa juu ya shuka la Bi Thelma, mara ya kumi. Kwenye kitambaa cha Mama Mkubwa hapakuwa na utepe wa rangi yoyote. Palikuwa na kadi tu: *Udarizi wa hali ya juu sana. Usafi: kuna doa.*

Mama Mkubwa alimwomba Bi Thelma amsomee, na Bi Thelma akasoma, akaliharakisha neno la mwisho. Wakaenda wote wawili kukaa kwenye viti vya plastiki ukutani, chai na mikate ya malenge magotini.

Corrado hakwenda kukaa. Mwanamke mmoja aliyevaa kofia ya mchunga ng'ombe alisimama mbele ya kitambaa, akasoma kadi, akaguna: "Pole yake. Angefua vizuri."

"Alifua vizuri," alisema Corrado. "Doa ni langu."

"Lako kivipi?"

"Niliambiwa nianue. Nikaenda kutazama moto. Halafu nikapangusa."

Mwanamke yule alifunga macho kama aliyebanwa kidole na mlango. "Ulipangusa? Penye unyevu?"

"Kwa kiganja, na sifongo."

"Mungu wangu." Akageuka, akaita: "Delys! Njoo umwone mtu aliyepangusa!"

Delys akaja, na dada wa Delys. Akaja mzee mmoja aliyekata miwa kwa mkono enzi hizo. Akasikiliza kisa chote, akavua kofia, akasema amezika watu wenye makosa madogo kuliko hayo. Corrado alisimulia upya kwa kila aliyefika, na kila mara aliongeza chumvi dhidi ya nafsi yake: tumbo lilivyotangulia mbele kwenye kukimbia, mpango alivyousifu kwa sauti uani, dola tisini alizookoa. Watu walicheka, wakaguna, wakainama kulitafuta doa. Na walipoinama kulitafuta, walikawia, maana haikuwezekana kulifikia doa bila kupita kwenye maua, na kwenye mpesheni, na kwenye ile shingo.

"Tazama shingo," alisema mmoja, si kwa kicheko tena.

"Nani kafanya hii?"

"Mama yangu mkubwa," alisema Corrado. "Yule pale, mwenye chai." Kisha akarudi haraka kwenye habari ya sifongo.

Mpaka saa nane mbele ya kitambaa kile palikuwa na msongamano, na shuka la Bi Thelma lenye utepe wake lilikuwa peke yake kama bwana harusi aliyewahi mno. Corrado alikuwa amesimama kwa muda wa saa nne bila kukaa. Magoti yalilia waziwazi, akaegemea meza kidogo, akanyoosha mikono kumwonyesha mtu jinsi alivyosimamishwa sebuleni.

"Corrado!" Sauti ya Mama Mkubwa Assunta ilitoka ukutani, ikapita juu ya vichwa vya watu wote.

"Naam, Mama Mkubwa!"

"Sogea pembeni, wewe. Umewaziba. Hawamwoni ndege."